Hesabu ya Kurudi

Watu wengi hudhani kwamba swali kubwa la mwindaji ni bunduki gani achukue au mnyama gani amfuate. Mimi nilipata leseni ya kuwinda katika miaka ya 1980, uwindaji uliopigwa marufuku mwaka 1973 ukiwa umekwisha ruhusiwa tena mwaka 1978. Kwa niliyoyaona, swali gumu kuliko yote ni hili: tukae porini siku ngapi?

Sisi watu wa Bagamoyo hatuna udhuru wa kulijibu vibaya. Mji wetu ulikuwa mlango wa misafara ya bara. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, na posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Kiongozi mwenye akili hakuuliza tu njia ni ndefu kiasi gani. Aliuliza pia vibaba vilivyopo vitawafikisha wapi kabla ya kupata mahali pa kununua chakula kingine.

Pori letu lilikuwa upande wa Mto Wami. Saadani hatukuingia, kwa kuwa lilikuwa pori la akiba, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Tulikwenda kwenye maeneo ya wazi, ambako mwananchi mwenye leseni aliruhusiwa kuwinda. Lakini karibu na barabara wanyama walikuwa wachache na wenye hofu. Ilibidi kushuka kwenye basi na kutembea kutwa nzima, mizigo kichwani na mgongoni, mpaka mahali ambapo gari halifiki. Kila hatua ya kwenda huko ilikuwa deni ambalo mguu uleule ungelilipa wakati wa kurudi.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba andalio la somo la dakika 40 huanza kutungwa kutoka mwisho: kwanza dakika za kuhitimisha, kisha za zoezi, na zinazobaki ndizo za kufundishia. Nililitumia fundisho hilo porini. Siku ya kurudi niliiandika kwanza. Siku ya kwenda ikafuata. Siku moja ilikuwa ya kusoma nyayo na kujua wanyama wanakunywa wapi, maana mgeni wa pori siku ya kwanza hutembea tu. Siku mbili zilikuwa za kuwinda hasa. Hizo ni tano. Ya sita alinifundisha mzee mmoja wa Kikwere aliyekuwa kiongozi wetu.

"Mwalimu," aliniambia, "hiyo hesabu yako haina siku ya mnyama aliyejeruhiwa."

Maneno yake yalithibitika mwaka uliofuata. Mwenzetu alimpiga kongoni jioni ya siku ya nne, na mnyama akakimbia na damu. Giza likaingia. Kama tungekuwa na siku ya kurudi tu, tungemwacha afe kwa mateso, chakula cha fisi. Tulikuwa na siku ya akiba, basi alfajiri tukafuata matone ya damu, tukampoteza mara mbili, na kabla ya adhuhuri tukamkuta amelala chini ya mgunga akiwa bado anahema. Mzee akamchinja kwa jina la Mungu, ikawa halali kwetu sote. Saa zilizobaki zilikwisha katika kukata nyama na kuibanika, kwa sababu katika joto la Pwani nyama mbichi haingoji kesho.

Kwa nini basi tusiongeze siku ya saba, na ya nane? Kwa sababu ya maji na kwa sababu ya moyo. Maji ni rahisi kueleza. Watu wanne wanaotembea juani wakinywa lita nne kila mmoja, wanamaliza lita 16 kwa siku, na dumu moja la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Huwezi kubeba maji ya siku nyingi. Unakaa penye dimbwi, na dimbwi la kiangazi hupungua kila siku. Moyo ni mgumu zaidi. Mtu aliyekaa kupita siku alizopanga huanza kuwinda aibu yake. Hupiga mnyama aliye mbali mno, hupiga jioni mno, hupiga jike ambalo leseni haimruhusu.

Safari moja niliahidi nyama kwa ajili ya arusi ya mtoto wa ndugu yangu. Siku tano zikapita bila kitu. Asubuhi ya sita, mizigo imefungwa, tukakuta nyayo mbichi za pofu, dume kubwa, zikielekea mbali na njia yetu. Vijana walinisihi tubaki siku mbili. Nikamtazama mzee.

"Mnyama yupo, Mwalimu," akasema. "Lakini maji tuliyo nayo ni ya njiani."

Tukarudi mikono mitupu. Arusini tulichinja mbuzi wa kununua, na maneno nikayasikia, maana mkosa nyama hakosi wa kumcheka. Sijui kama pofu yule tungempata. Najua kwamba watu wanne walifika makwao wakiwa wazima.

Wahenga wamesema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vijana wanaoniuliza habari za pori huwa nawajibu hivi: panga siku zako ukiwa nyumbani, umeshiba na akili imetulia, uwaambie wenzako na mkeo siku utakayorudi. Porini usizipange upya isipokuwa kwa kuzipunguza, au kwa ajili ya mnyama uliyemjeruhi. Ukipata siku ya tatu, rudi siku ya nne. Ukikosa mpaka ya sita, rudi vilevile. Nyayo utakazoziacha si mali yako iliyopotea. Hazijapata kuwa zako.