Nahau za Wenzetu na Nahau Zetu

Lugha ya watu ni ghala la maisha yao. Humo wameweka kazi zao, safari zao, hofu zao na mizaha yao. Anayetaka kujua kilichomo ghalani hana budi kuzitazama nahau, yaani mafungu ya maneno ambayo maana yake haipatikani kwa kuchambua neno moja moja. Katika makala haya twataka kueleza jinsi nahau za Kiingereza zinavyowatatiza vijana wetu, na kwa nini twaamini kwamba ufunguo wake umo katika Kiswahili chenyewe.

Kijana wetu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia sekondari akakuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Baada ya miaka miwili mitatu aweza kusoma kitabu cha jiografia akakielewa. Lakini mpe mazungumzo ya kawaida ya Waingereza wawili, hapo hukwama. Kila neno analijua, na maana imemkimbia. Asikia kwamba mzee fulani "kaipiga teke ndoo", naye aitafuta ndoo, kumbe mzee amekufa.

Tusimcheke. Mwingereza ajifunzaye Kiswahili hupata taabu iyo hiyo. Mwambie kwamba jirani kamwaga unga, naye atatafuta ufagio, kumbe jirani kafukuzwa kazi. Mwambie kwamba bwana yule ni mkono wa birika, atadhani ana kilema, kumbe ni bahili.

Nahau hazikuzuka hivi hivi. Waingereza ni watu wa kisiwa, na kwa karne nyingi walisafiri kwa merikebu za matanga. Ndiyo maana mtu aliyeizoea kazi husemwa kwamba "anazijua kamba", kwa kuwa baharia mgeni alipaswa kwanza kujua kazi ya kila kamba chomboni. Aliyedhihirisha tabia yake husemwa ameonyesha "rangi zake za kweli", yaani ameitweka bendera yake halisi. Nasi tuna bahari yetu na majahazi yetu. Mambo yakiharibika twasema yamekwenda mrama, kwa mfano wa chombo kinachoyumba. Aongozaye kashika usukani. Aliyemaliza shughuli katia nanga. Mwanafunzi aliyeelezwa vema mrama ni nini hatashangazwa na kamba za Mwingereza.

Nahau nyingine zimetoka vitabuni. Mtu anayeshikilia haki yake bila huruma, hata ikimwangamiza mwenziwe, Waingereza husema anadai "ratili yake ya nyama". Asili yake ni tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Aliyekisoma kitabu hicho kwa Kiswahili tayari anayo maana ya nahau ya Kiingereza.

Zenye hatari zaidi ni zile zinazofanana sura na zetu. Sisi twasema msimulizi "ametia chumvi" akizidisha maneno. Mwingereza naye anayo chumvi, lakini kwake habari ya kutiliwa shaka hupokewa "kwa chembe ya chumvi". Chumvi yetu hutiwa na msemaji; yao hutiwa na msikilizaji. Kadhalika moyo. Kwetu kumvunja mtu moyo ni kumkatisha tamaa, kama mwanafunzi aliyeshindwa hesabu. Kwa Mwingereza moyo uliovunjika ni hasa wa aliyefiwa, au aliyeachwa na mpenziwe.

Juu ya maana kuna adabu. Katika ofisi moja tuliyopata kufanya kazi, kijana hodari alipewa kuandika kwa Kiingereza rasimu ya barua ya rambirambi kwa familia ya mgeni aliyekuwa mwenzetu kazini. Akaandika kwamba marehemu "aliipiga teke ndoo". Kamusi ilikuwa imemwambia kuwa maana yake ni kufa, wala haikusema uongo. Haikumwambia tu kwamba hayo ni maneno ya mzaha. Barua ilizuiwa kabla ya kutiwa bahasha, lakini habari zilienea na watu wakacheka. Kwa muda mrefu kijana yule hakukubali tena kuandika Kiingereza. Hata hivyo, kwa Kiswahili asingekosea kamwe. Alijua kwamba marehemu "ameaga dunia", na kwamba "kadedi" ni neno la kijiweni. Adabu ya maneno alikuwa nayo. Hakuna aliyemfundisha kuivuka nayo mpaka lugha ya pili.

Upande wa pili tunajidhulumu wenyewe. Twasikia redioni na vikaoni watu wakisema "mwisho wa siku", hali wanakusudia "hatimaye". Twasikia kwamba tatizo fulani ni "ncha ya mlima wa barafu", ilhali msemaji na msikilizaji hawajapata kuuona mlima huo ukielea baharini. Hatusemi kila tafsiri ni mbaya. "Vita Baridi" ilikuja kwa tafsiri ikakaa, kwani ilitaja jambo tusilokuwa na jina lake. Lakini mgeni amfukuzaye mwenyeji si mgeni. Mwaka 1967 Serikali iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo sheria ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Hatudhani kusudi lilikuwa kuuvika Kiingereza kanzu ya Kiswahili.

Twawaomba walimu, kila nahau ya Kiingereza inapotokea darasani, waulize maswali matatu: Nani huisema? Humwambia nani? Wakati gani? Kisha mwanafunzi aiandike upande mmoja wa daftari, na upande wa pili aandike nahau yetu inayokaribiana nayo, si tafsiri ya neno kwa neno. Penye "kumpa mtu bega baridi" aandike "kumpa mtu kisogo". Asipoipata, awaulize wazee wake nyumbani, mabaharia, wakulima na wafugaji, kila mmoja kwa kazi yake. Kwa njia hiyo atajifunza lugha ya wenzetu bila kuogopa kuchekwa, na daftari lake litakuwa limehifadhi maneno ambayo wazee hao wakiondoka huenda yakaondoka nao.