Rimu Kubwa Zilivyotutoka Timbwani

Ami yangu alifungua banda lake la kuziba pancha Timbwani zama ambazo gari la maana Likoni lilikuwa Peugeot 504. Gari lile lilivaa rimu ya chuma ya inchi 14 tu, lakini tairi lake lilikuwa na ubavu mrefu ulioshiba upepo, na lilipanda chochote kilichokuwa mbele yake. Land Rover za serikali na Land Cruiser za wakandarasi zilivaa inchi 16, tairi jembamba lenye tyubu ndani. Kazi ya ami ilikuwa kuitoa tyubu, kuijaza upepo, kuizamisha kwenye karai la maji na kuizungusha polepole mpaka mapovu yatoke, kisha kuchomeka njiti ya kiberiti pale penye tundu asije akapapoteza akishaikausha. Jioni nikitoka madrasa, mshika karai nilikuwa mimi. Miaka hiyo yote sikumsikia mteja hata mmoja akiizungumzia rimu. Rimu ilikuwa kama kisigino cha kiatu: hukitazami mpaka king'oke.

Wasioijua Timbwani niwaambie kwanza tunakaa juu ya nini. Ukichimba shubiri mbili tatu unagota jiwe. Pwani hii imelala juu ya mwamba wa matumbawe wa kale, na nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa matofali yaliyochongwa kutoka mwamba huohuo. Mvua za masika zikishakwangua udongo wa vichochoro, vichwa vya mawe hutokeza, na si mawe laini ya mtoni, ni mawe yenye meno. Lami nayo ikimeguka ukingoni huacha kizingiti ambacho dereva hukiona akishakifikia. Halafu kuna kivuko cha feri cha kwenda mjini. Maji ya bamvua yakikupwa, rampu ya feri huinama sana, gari hushuka pua chini, na wa kwanza kupokea ule ukingo wa chuma ni tairi la mbele. Kwa hiyo sisi wa ng'ambo hii tairi letu hupigwa nyumbani na hupigwa safarini.

Mageuzi yaliletwa na meli. Magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika bandari ya Kilindini, yalikuja na rimu za aluminiamu zinazong'aa, na tairi zisizo na tyubu. Karai la ami likawa la kutafutia tundu kwa nje tu. Vijana wakaanza kuuliza inchi ngapi. Prado ile ya miaka ya tisini ilikuja na 16. Iliyofuata, ya mwaka 2002, tukaizoea kwa 17. Ya mwaka 2009 ikaja na 17 au 18, na baadaye nyingine zikafika 19. Range Rover ndiyo ya kushangaza zaidi: ya kwanza kabisa, ya mwaka 1970, ilivaa inchi 16 za chuma, na hii iliyotoka mwaka 2022 unaweza kuiagiza na inchi 23. Gari lenyewe limekua, hilo sikatai, lakini rimu imekua kuliko gari.

Tusiwaonee watengenezaji. Gari zito lenye nguvu linahitaji diski kubwa za breki, na diski kubwa haiingii ndani ya rimu ndogo. Tena kwenye barabara laini ya kasi, ubavu mfupi wa tairi haulegei kwenye kona, na usukani hujibu upesi. Ila mimi naamini sababu kubwa ni macho. Mchoraji wa magari anapenda gurudumu lijae chini ya madigadi, na mnunuzi anapenda anachopenda mchoraji. Kwa kuwa kimo cha gurudumu zima hakiwezi kuongezwa ovyo, kila inchi inayoongezwa kwenye rimu hukatwa kwenye mpira. Mpira ndio wenye upepo, na upepo ndio unaopokea jiwe.

Basi ikafika miaka ya Land Cruiser 300. Toyota waliitoa mwaka 2021, na mwanzoni mwa 2022 wakatangaza wenyewe kwamba mteja wa Japani huenda akangoja hadi miaka minne kuipata. Walifikia hadi kuwasainisha wanunuzi wa kule wasiiuze kabla ya mwaka kupita. Mfanyabiashara mmoja wa kwetu, ambaye sote twamwita Hajji, aliipata kwa njia zake, nyeupe, na inchi 20 chini. Siku aliyoishusha kwenye feri, bodaboda walisimama kutazama. Watu wa huku tumezoea kuona gari la aina hiyo kwenye misafara ya wakubwa, vioo vimefungwa. Hili lilikuwa linaingia kichochoroni kwetu, kupita kibanda cha mahamri, na aliye usukanini akitoa salamu.

Haukupita muda akaja bandani.

"Assalaam aleikum. Ami yako yuko, mwanangu?"

Ami alitoka akifuta mikono. Hakuuliza tatizo ni nini, alilizunguka gari mpaka tairi la mbele kushoto, akachuchumaa, akapitisha kiganja ubavuni. Palikuwa na nundu, ukubwa wa nusu ya limau, ngumu, yenye joto kidogo. Akamshika Hajji mkono akauweka pale.

"Hapa nyuzi za ndani zimekatika. Kilichobaki kuzuia upepo ni ngozi ya mpira tu. Ulipiga shimo, tairi likabanwa kati ya jiwe na rimu."

"Huwezi kuliziba?"

"Ubavu hauzibwi, Hajji. Anayekwambia ataliziba anataka kukuzika."

Tairi la kipimo kile, 265/55R20, wakati ule halikuwa jambo la kuingia dukani na kutoka nalo. Maduka ya mjini yalimwambia angoje, mengine yakamtajia bei ambayo hata yeye, mtu wa fedha zake, alirudia kuiuliza. Na lile la pili halikukaa sana kabla ya rimu yenyewe kupinda mdomo. Upepo ukawa unavuja usiku kucha, asubuhi gari limekaa upande. Mkewe akaanza kwenda zake mjini kwa tuktuk hadi kivukoni, akavuka kwa miguu, Land Cruiser ikabaki uani.

Ami akamwambia avue zote nne, avae 18.

Hajji alikataa papo hapo, na sababu yake haikuwa ya ufundi. Alisema watu watadhani rimu zimeuzwa. Mimi nilimwelewa. Kwetu gari husomwa na kila apitaye, na ukipunguza kitu kwenye gari hadharani umewapa watu la kuzungumza barazani. Ami naye alikuwa na hoja zake, na nyingi zilitoka kwenye Safari Rally, maana alikuwa mgonjwa wa mashindano yale tangu zama za Joginder Singh, aliyeyashinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Akamuuliza Hajji magari yale ya dunia nzima yanayokuja Naivasha tangu mashindano yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 yanavaa inchi ngapi. Hajji akakisia 20. Ni 15. Magari hayohayo yakienda kushindana kwenye lami Ulaya huvaa 18, yakija kwenye mawe yetu hushuka hadi 15. Yale makubwa ya mashindano ya Dakar, yanayoruka matuta ya mchanga, yanavaa 17 yenye mpira mnene wa kutisha. Lakini lililomgeuza Hajji, nadhani, ni jambo jingine. Toyota wenyewe wanaitoa Land Cruiser 300 ya GR Sport, toleo la bei ya juu lililoandaliwa kwa njia mbaya, na chini yake wameweka 18. Kusikia hivyo akatulia. Hakuwa anashuka tena, alikuwa anavaa cha wenye kujua.

Sasa kazi yenyewe. Watu hudhani kubadili rimu ni kufungua nati na kufunga nati. Ami alianza kwa hesabu, kwa kalamu, kwenye kipande cha boksi. Tairi la 265/55R20 lina ubavu wa milimita 146. La 265/65R18 lina ubavu wa milimita 172. Umeongeza sentimita mbili na nusu na ushei za upepo kati ya jiwe na chuma, kuzunguka gurudumu lote. Lakini ukipima kimo cha gurudumu zima, la kwanza ni karibu milimita 800 na la pili 802. Tofauti haionekani, kwa hiyo kipimo cha mwendo hakidanganyi na gia hazichanganyikiwi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, hufunga rimu ndogo na tairi lolote lililopatikana, gari likawa fupi na kipimo kikasoma uongo.

Pili ni breki. Rimu iliyoagizwa ilipofika, ami hakuitia tairi kwanza. Aliinua gari kwa jeki, akaifunga rimu tupu, akaizungusha kwa mkono huku sikio limekaribia, anasikiliza kama itakwangua kalipa. Akapitisha ncha ya kidole kwenye mwanya, akazungusha tena, akafunga breki, akaachia, akazungusha. Kimya. Ndipo akasema lete mpira.

Tatu ni matundu. Land Cruiser 200, ile V8 tuliyoizoea, ina nati tano kila gurudumu. Hii 300 ina sita, na tundu lake la katikati ni dogo zaidi. Rimu ya V8 iliyolala gereji kwa jirani haiingii, hata kama ni ya 18 na ni ya bure. Na nati nazo zina adabu zake: kuna rimu inayotaka nati ya koni na kuna inayotaka nati bapa yenye washa, na ukizichanganya gurudumu laweza kujifungua lenyewe njiani. Nne ni mzigo. Ubavuni mwa tairi kuna namba kabla ya herufi ya kasi. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Hajji husafirisha familia na magunia ya shamba Msambweni, kwa hiyo ami hakukubali namba iliyo chini ya ile ya kiwandani. Mwisho, vile vidude vya ndani vinavyoiambia dashibodi presha ya upepo vilihamishwa kimoja kimoja kutoka rimu za zamani, la sivyo taa ingewaka daima.

Nilipanda naye siku ya kwanza. Tulitoka Timbwani kwa vichochoro, na pale ambapo zamani Hajji alikuwa akisimama kabisa kuchagua jiwe la kukanyaga, alipita taratibu bila kusimama. Gari lilikuwa linamezea. Tukashika barabara ya Lunga Lunga hadi Kibundani, tukapinda Dongo Kundu, ile njia iliyofunguliwa yote mwaka 2024 ikatuondolea lazima ya kuvuka kwa feri. Juu ya daraja la Mteza, lami ikiwa kama imepigwa pasi, Hajji alinung'unika kidogo: usukani umekuwa mzito wa kujibu, kwenye kona gari linayumba kidogo kuliko kwanza. Ni kweli. Ubavu mrefu una gharama yake, na mwenye kuishi kwenye barabara za namna ile tu hana sababu ya kunisikiliza. Lakini Hajji haishi juu ya daraja la Mteza.

Tulipotokea upande wa Miritini tulipishana na Land Cruiser pikapu mpya. Palepale Miritini kuna kiwanda cha AVA kinachounganisha pikapu hizo, zile ambazo polisi wetu na watu wa mashirika huzipeleka Garissa na Turkana. Zinavaa inchi 16 za chuma, kama zile za utotoni mwangu.

Tangu hapo mambo yamebadilika kimyakimya. Binamu yangu ndiye anayeendesha banda sasa, na wenye Harrier, Prado na Discovery huja kuuliza kushuka inchi moja au mbili. Si magari yote yanafaa. Discovery nyingine zina breki zisizokubali kushuka, na binamu huwarudisha bila kuwachukulia pesa. Vijana wengine bado wanapandisha, na barazani bado kuna anayesema gari la Hajji limepungua heba. Rimu zake za 20 amezihifadhi ndani zimefunikwa kwa shuka, za kumwekea atakayemuuzia gari.

Kwa anayeagiza gari leo, neno langu ni hili. Kabla hujalipa, uliza toleo lenye rimu ndogo, maana mara nyingi lipo na wakati mwingine ni rahisi zaidi. Gari likishashuka Kilindini, fungua mlango wa dereva usome kibandiko cha vipimo vya tairi na presha vilivyoidhinishwa, ufuate hicho, usifuate rafiki. Ukinunua tairi, tazama namba nne za mwisho ubavuni: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024, na ukikuta la miaka mingi iliyopita lirudishe hata liking'aa. Na rimu ifungwe tupu kwanza, izungushwe kwa mkono, mbele ya macho yako. Fundi akikataa kufanya hivyo, chukua gari lako uondoke.