Kibaraza cha Kuotea Jua

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tunduma alipofika Unguja, milango ya Mji Mkongwe haikumshughulisha sana. Alitaka kuona Mtoni, kwenye magofu ya jumba la Sultani Sayyid Said.

Alishasoma kumbukumbu za Salme, binti wa sultani huyo, aliyezaliwa humo mwaka 1844 na kuchapisha kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1886. Salme anaieleza roshani kubwa ya mviringo iliyoelekea baharini. Huko ndiko baba yake alikotembea huku na huko, kichwa kainamisha, na ndiko wakubwa wa nyumba walikonywea kahawa. Sebule ya mchana ya mfalme ilikuwa mahali pa kupungia upepo! Jumba liliungua mwaka 1914. Mwalimu alikuta kuta tu.

Kwao mambo ni kinyume. Pwani watu hukimbia jua, Tunduma hulifuata, hasa Juni na Julai baridi inapokaza. Nyumba aliyokulia ilijengwa miaka ya reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975. Sebule ilikuwamo, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, lakini mchana haikukaliwa. Ilingoja wageni rasmi, nao walitetemeka humo kwa heshima zote. Maisha yenyewe yalikuwa kwenye kibaraza cha mashariki: mkeka, redio, maharage ya kuchambuliwa, na jamaa waliovuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wakipiga hodi huku wameshakaa.

Kisha malori yakazidi. Mizigo ya bandari ya Dar es Salaam iendayo Zambia na Kongo hupita hapo, na foleni ya madereva inataka chai, vocha na sabuni. Kila ukuta unaotazama barabara ukawa mali. Kibaraza kikazibwa kwa matofali, sebule ikavunjwa, zikatoka fremu za maduka. Tunduma ilipoingia Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, nyumba za jirani nazo zilikuwa zimefuata mkondo huo.

Mwalimu hailaumu biashara. Kodi ya fremu imesomesha wajukuu. Lawama zake ni kwa mafundi wanaoleta ramani za Dar es Salaam, madirisha yakikwepa jua, katika mji wenye baridi. Wewe unayejenga Tunduma, Vwawa au Mlowo, hesabu fremu zako zote, lakini upande wa mashariki mwachie bibi kibaraza chake.