Ukanda wa Buluu

Nilimsingizia mtu. Natanguliza hilo kabla ya habari ya kisu, maana kisu kingine kinaweza kununuliwa.

Kisu chenyewe ni cha kukunja, mpini wa mbao, chuma kinachoshika kutu usipokipangusa. Baba alikitumia miaka mingi kwenye kahawa yake hapa Rungwe. Nilipoanza kubebesha miche ya parachichi za Hass, alinikabidhi pamoja na kinoo. Kila jioni nilimwona akipangusa utomvu, akitia tone la mafuta ya cherehani kwenye ribiti, kisha akinoa kwa maji, polepole. "Mwanangu, hiki hakitaki haraka."

Msimu huo nilikuwa na oda ya miche 200, na kinoo nikaona kinanichelewesha. Nikampelekea kisu fundi mwenye jiwe la umeme. Cheche ziliruka, na baada ya dakika mbili kisu kilikuwa kinanyoa malaika ya mkono. Kwenye makali palibaki ukanda wa buluu, kama mafuta ya taa juu ya dimbwi. Nikauona, nikalipa, nikaondoka.

Makali ni membamba, joto halina pa kukimbilia. Chuma kikifika rangi ile, ugumu umekitoka. Ndiyo maana kinoo hutiwa maji.

Miche kumi ya kwanza ilikatika vizuri, halafu kisu kikaanza kuburuta. Kubebesha kunataka mkato mmoja laini, ili ganda la kikonyo, kile kijiti kinachopachikwa, na ganda la mche yagusane bila mwanya. Mimi nilikata mara mbili, mara tatu, nikafunga nailoni juu ya nyuzinyuzi, nikaendelea na mche uliofuata.

Baada ya mwezi vikonyo vingi vilikuwa vyeusi. Kijana aliyeniuzia vikonyo alipofuata nusu ya malipo yake iliyobaki, nilimwambia mbele ya watu kwamba ameniletea vikonyo vilivyolala. Hakubisha. "Sawa, kaka," akasema, akaenda zake.

Nami nilikuwa najua. Kila nilipokikunjua kisu, buluu ile ilikuwa inanitazama.

Baba anasoma chuma kwa rangi. Ametoka kwa watu waliofuata majembe kwa wahunzi wa Kikinga, milima ya Livingstone. Alikichukua kisu, akakiegemeza kwenye ukucha wa kidole gumba, kikateleza.

"Umekiunguza," akasema. Kisha, "Na vikonyo vilikuwa na kosa gani?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nilimfuata kijana kwao, nikampa fedha zake, nikamwomba radhi. Halafu nikarudi kwa walewale walionisikia, nikawaambia kosa lilikuwa langu. Hilo la pili ndilo lililonitoa jasho.

Kisu nimekisugua kwenye kinoo siku nyingi, hadi buluu ikaisha. Kimekuwa chembamba. Nikikikunja, kinazama zaidi ndani ya mpini kuliko Baba aliponipa, na pengo lile nitakuwa naliona kila jioni nikikitia mafuta.