Kugusana si Kuingiliana

Wazee wetu wa Itetemia walitambua mipaka kwa mwembe, kichuguu na ushahidi wa jirani. Siku hizi mpima ardhi husoma mahali ilipo kila bikoni, na kompyuta ikachora umbo la kiwanja. Kazi ya mjumbe wa kamati sasa ni kujua kompyuta hiyo imeulizwa nini.

Kamati yetu ya msikiti iliwahi kuletewa karatasi isemayo kuwa kiwanja cha wakfu "kinaingiliana" na cha jirani, mama mjane anayelea mayatima. Baadhi ya wajumbe walitaka shauri lifunguliwe. Nikiwa katibu, niliomba kwanza tufahamu neno hilo limetoka wapi.

Kanzidata za ramani, kama PostGIS, zina maswali yanayokaribiana kwa maneno na kuachana kwa hukumu. Swali la kukutana hujibiwa "ndiyo" hata maumbo mawili yakishiriki nukta moja tu. Basi majirani wote wenye mpaka mmoja hujibiwa "ndiyo". Swali la kugusana hutaka mipaka ikutane bila maeneo ya ndani kuchanganyika. Swali la kuingiliana hutaka sehemu ya ndani iwe ya wote wawili, na kila kiwanja kibakiwe na sehemu yake peke yake.

Hapo pana mtego. Kiwanja kikimezwa chote na kingine, au kimoja kikisajiliwa mara mbili kwa umbo lile lile, swali la kuingiliana hujibiwa "hapana". Dhulma kubwa kuliko zote hupita kimya, mpaka liulizwe swali la nne: je, kimoja kimo ndani ya kingine?

Kwetu, swali lililoulizwa lilikuwa la kukutana tu. Lilipoulizwa la kugusana, jibu likawa "ndiyo". Bikoni za mpaka zilikuwa zile zile, na eneo la pamoja lilikuwa sifuri. Ukuta wa mama yule umo kwake.

Ndugu msomaji, ukiambiwa viwanja vinaingiliana, omba kipande cha pamoja kichorwe na kipimwe kwa mita za mraba. Mtume (s.a.w.) ametuonya tusichukue hata shubiri ya ardhi kwa dhulma. Onyo hilo linatuhusu pia sisi tulioaminiwa wakfu, tusije tukaipanua nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa haki ya yatima.

Wabillahi tawfiq.