Babu Aliyefunga Mlango

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo mtu wa rika langu akidai kuufahamu mchezo wa televisheni wa mwaka 1963, hana budi kueleza aliuonea wapi. Mimi niliuonea Uingereza, nilikopelekwa kwa mafunzo ya walimu. Novemba 1981, jioni nne mfululizo kuanzia tarehe 2, BBC ilirudia sehemu nne za kwanza za Doctor Who. Sehemu ya kwanza kabisa ilikuwa imerushwa tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Mama mwenye nyumba aliniomba radhi kwa kuwa picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Mimi wala sikujali rangi. Kilichonivuta ni kwamba wahusika wawili walikuwa walimu.

Barbara Wright anafundisha historia, na Ian Chesterton sayansi. Wana mwanafunzi anayewatatiza, Susan, binti wa miaka 15. Katika sayansi anamzidi mwalimu wake, lakini alipoulizwa pauni moja ina shilingi ngapi hakujua. Alidhani Waingereza wamekwisha kuacha hesabu yao ya zamani, wanahesabu fedha kwa kumi na mia. Darasa likamcheka. Uingereza ilibadili fedha zake Februari 1971, basi sisi tuliotazama mwaka 1981 tuliona kosa la yule binti limegeuka kuwa kweli. Nami nilicheka kwa sababu yangu nyingine: shilingi ya Afrika Mashariki imekuwa na senti 100 tangu miaka ya 1920, na mtoto yeyote wa kwetu aliyewahi kutumwa dukani angemtetea.

Walimu wanaamua kumfuata hadi kwao. Anwani iliyoandikwa shuleni ni ya ua la vyuma chakavu, na mle ndani, katikati ya takataka, kimesimama kibanda cha polisi cha kupigia simu. Anatokea mzee, babu yake Susan, mkali, mwenye kejeli, anawazibia njia. Kazi hiyo ya kufuatilia watoto majumbani niliifanya miaka mingi kwa baiskeli, na ninamjua vizuri mzazi anayekupokea akiwa amesimama mlangoni ili usione ndani. Nikiwa na miaka 31 nilikuwa upande wa walimu bila kusita. Yule mzee sikumpenda hata kidogo.

Sehemu tatu zinazofuata, ambako chombo cha mzee kinawapeleka wote zama za mawe, sizisifu sana. Watu waliovaa ngozi wanagombea moto huku wakinguruma, na Mwafrika aliyeona sinema za namna hiyo anajua mawazo hayo yametoka wapi. Lakini lipo tukio moja. Mtu aliyekuwa akiwawinda anajeruhiwa na mnyama msituni, na Barbara anakataa kumwacha afe. Mzee anaona wanapoteza wakati. Anaokota jiwe. Ian anamdaka mkono, naye anajitetea eti alitaka majeruhi awachoree njia ya kurudi kwenye chombo. Nathubutu kusema hakuna aliyemwamini. Huyu ndiye shujaa ambaye Waingereza wamempenda kwa zaidi ya miaka 60, na huruma alifundishwa na walimu wawili wa sekondari!

Mwaka huu mwanangu aliniletea diski za mchezo huo, nikautazama upya pamoja na mjukuu wangu wa kike. Nimemlea tangu akiwa na miaka sita, mama yake alipofariki. Bibi yake naye alitutoka, tukabaki wawili. Yeye alicheka kuta za mbao zinazotikisika. Mimi, safari hii, macho yangu hayakubanduka kwa mzee. William Hartnell, aliyemwigiza, alikuwa na miaka 55 tu, amevishwa wigi la mvi. Kwangu mimi ni kijana. Niliona anavyomtazama Susan kila mwalimu anapomsemesha. Nilichokuwa nimekiita ukali ni hofu. Hana mwingine.

Tuliendelea hadi kisa kilichomalizika tarehe 26 Desemba 1964, ambamo viumbe wanaoitwa Dalek wameiteka dunia. Susan amempenda kijana aliyepigana nao katika London iliyobomoka, lakini hataki kubaki naye, kwa kuwa babu amezeeka na anamhitaji. Mzee habishani naye. Anaingia chomboni na kiatu cha Susan kilichotoboka, anafunga mlango kwa ndani, anamuaga kwa kipaza sauti, anaondoka. Binti anabaki kifusini na kiatu kimoja.

Tulinyamaza wote wawili. Siku chache kabla, majina ya kidato cha tano yalikuwa yametoka, naye amepangiwa shule ya bweni, mwendo wa basi wa siku nzima. Alikuwa ameniambia haendi, atatafuta shule ya kutwa hapa hapa, maana nani atanipima sukari na kunichoma sindano?

Mwishowe akasema, "Babu, huyu mzee angemrudishia kwanza kiatu chake."

"Angemrudishia, angeshindwa kuondoka," nikamwambia.

Hakujibu, akaenda kuinjika chai. Shule inafunguliwa Julai. Nimenunua godoro na sanduku la bati, nimeviweka chumbani kwangu, na muuguzi wa zahanati amenielekeza. Ni wiki ya pili sasa sindano najichoma mwenyewe, yeye akiwa amesimama pembeni ananiangalia mkono.