Vipepeo wa Arabuko-Sokoke

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akikaribia Gede, huona upande wa kushoto miti iliyosongamana kwa mwendo mrefu. Huo ndio msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Wengi wetu huupita tukisinzia garini. Mimi nami niliupita hivyo mara nyingi, hata mwezi wa Juni uliopita niliposhuka ili nitazame vipepeo.

Huenda msomaji akacheka: mtu mzima, tena karani, kuacha shughuli zake akafuate vipepeo kama mtoto! Lakini ninayo sababu. Nyumbani kwangu nina mlimau. Mwaka jana niliona viwavi wakila majani yake, wengine wakifanana kabisa na mavi ya ndege, nikawaponda wote kwa kiatu. Rafiki yangu akaniambia kwamba huko Gede viwavi hutunzwa na kulishwa kama kuku. Sikumsadiki, ndipo nikaenda kujionea.

Nilingoja jua likaushe umande, kwa maana kipepeo haruki vizuri kabla hajapata joto. Penye matope ya mvua niliwakuta makumi wametua pamoja, wakifyonza chumvi iliyomo ardhini. Wengine, wakubwa na wenye nguvu, hawakujali maua hata kidogo. Walikuwa wakigombea tunda lililooza. Aina za vipepeo zilizokwisha kuonekana katika msitu huu zapita 250.

Pembeni mwa msitu mama mmoja mkulima alinikaribisha, akanionyesha kijumba chake cha chandarua. Kipepeo jike huwekwa humo pamoja na mche, naye hutaga mayai juu ya majani. "Lakini hatagi ovyo, mwanangu," akasema. "Kila aina ina mti wake. Ukikosea mti, watoto wake hufa njaa." Mayai huangua viwavi, nao wakisha kushiba hujigeuza kuwa kama kifuko kigumu kiitwacho pupa. Pupa hao hupelekwa katika ofisi ya mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa hapo Gede mwaka 1993, kisha husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, wakatoke vipepeo ndani ya nyumba za maonyesho.

Nikamwuliza kama kazi hiyo ina faida. Hakunidanganya. Alisema kuwa kuna miezi ambayo wanunuzi ni wachache, na pupa hamngoji mtu. Siku zake zikitimia hutoka na kuruka, na fedha huruka naye. "Hata hivyo," akasema, "zamani niliuona msitu huu kuwa shamba tulilonyimwa, tena maficho ya tembo wanaokula mahindi yetu. Sasa mtu akija na shoka humwuliza: wanangu utawalipia karo wewe?"

Usiku nilikaa karibu na taa, nikawaona nondo wakija. Kumtambua nondo si vigumu. Vipapasio vya kipepeo vina kifundo nchani, lakini vya nondo huwa kama uzi au unyoya. Na nondo wengi wakitua hulaza mabawa, hali kipepeo kwa kawaida huyasimamisha. Hapo nikakumbuka kwamba si kila kiwavi ni rafiki. Viwavijeshi ni watoto wa nondo, na wale waliotoka bara la Amerika, walioonekana Kenya mwaka 2017, wamewatia wakulima wengi wa mahindi hasara kubwa. Huyo ni adui, naye apaswa kuwindwa mapema.

Niliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye mlimau. Palikuwa na kiwavi mmoja, mnene, wa kijani. Nilipomgusa alitoa kichwani pembe mbili za rangi ya chungwa, zenye harufu kali, akitaka kunitisha. Mti wangu ni mkubwa na majani yake ni mengi, nikamwacha ale.

Basi, ndugu wakulima, tusiinue kiatu kabla ya kuuliza tunayemkanyaga ni nani, wala tusiinue shoka kabla ya kuuliza mti ule unamlisha nani. Yule mama wa Gede hakujifunza hayo darasani. Aliyajifunza kwa kutazama.